Mbinu na saini ya muuaji ni vitu viwili

Umeuliza mpelelezi wa hadithi yako ya mashabiki amzungumzieje muuaji. Anza kwa kutenganisha mbinu na saini. Mbinu ni yale anayofanya ili afanikiwe na asikamatwe, kwa hiyo hubadilika kadiri anavyopata uzoefu. Saini haimsaidii kuua. Inatuliza kiu yake ya ndani, mfano kuulaza mwili kwa namna fulani, na hiyo haiachi kirahisi. Utamu wa hadithi uko hapo. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, huhesabu muuaji wa mfululizo kuanzia waathiriwa 2, katika matukio tofauti. Ule mgawanyo wa wauaji wenye mpangilio (wanaopanga mauaji mapema) na wasio nao (wanaoua kwa kukurupuka) utumie kwa tahadhari, mwanasaikolojia David Canter na wenzake waliukosoa mwaka 2004. Na jamani, mchambuzi wa tabia za wahalifu hushinda na mafaili, si yeye anayevunja milango!