Kabla hujamkabidhi mzazi wako kwenye nyumba ya wazee

Wiki iliyopita dada mmoja wa Manyoni aliniandikia. Baba yake amepata kiharusi, yeye yuko kazini kutwa, kaka zake hawashikiki, na ameambiwa kuna nyumba ya kulipia ya kutunza wazee huku Dodoma. Anauliza: "Dada, nimpeleke, au watu watanisema?"

Watakusema. Mimi walinisema na bado wananisema. Wewe jiulize nani atamwajibisha mwenye nyumba siku baba yako akilala njaa.

Shangazi yangu ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alipopooza upande wa kushoto nilikaa naye Nkuhungu mpaka msaidizi wa tatu alipoondoka, ndipo nikampeleka kwenye nyumba moja pembezoni mwa jiji. Vigae vinang'aa, mapazia mapya, mwenye nyumba anaomba sala kabla ya kupokea ada. Nilikuwa nakwenda Jumapili mchana, na Jumapili mchana kila kitu kilikuwa safi. Jioni moja katikati ya wiki nikapitia hapo nikitoka kazini, nimembebea mlenda kwenye hotipoti. Nikamkuta kwenye shuka lililolowa. Nilipomgeuza, chini ya kiuno, pale mfupa unapokaribia ngozi, kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa kiganja cha mtoto: kingo nyeusi, katikati kinatoa maji, na mtu alikuwa amekinyunyizia poda ya watoto. Msichana aliyekuwa zamu alikuwa peke yake kwa wazee wote, na ndiye huyo huyo mpishi. Mwenye nyumba akanijibu kwenye simu, "Ni uzee huo, dada."

Si uzee. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, awe mkavu, ale vizuri. Kidonda kile kilitokana na saa alizoachwa bila mtu. Kule Australia, tangu Oktoba 2024, nyumba za wazee zinatakiwa kutoa wastani wa dakika 215 za matunzo kwa kila mkazi kwa siku, na dakika 44 kati ya hizo zitoke kwa muuguzi aliyesajiliwa. Sisemi tuwe Australia. Nasema muda wa kumhudumia mzee unaweza kupimwa, na anayeuiba anaweza kubanwa.

Nilipiga picha, nikamhamisha shangazi, nikaandika barua kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, nakala kwa mtendaji wa kata. Njoo kesho zilikuwa nyingi, sitawachosha nazo. Mwishowe walikwenda, wakakagua, wakaizuia nyumba ile kupokea mzee mwingine mpaka waongezwe wahudumu. Najivunia barua ile kuliko cheti chochote nilicho nacho. Lakini yule mama mwenye nyumba alizunguka kanisani akisema nimeshindwa kumtunza shangazi yangu nikaamua kumharibia jina yeye, na ndugu zangu wa damu wakamwamini. Hilo halijanitoka moyoni.

Wengi wanadhani hakuna sheria inayomgusa mtu kama yule. Ipo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema aliyebeba dhamana ya mtu asiyeweza kujipatia mahitaji yake kwa sababu ya umri au ugonjwa ana wajibu wa kumpatia mahitaji ya lazima ya maisha, na asipofanya hivyo, madhara yatakayompata mtu huyo yanahesabiwa kuwa yake. Ubaya ni kwamba jinai inasubiri mtu aumie kwanza. Makao ya watoto yana Sheria ya Mtoto ya 2009 inayodai leseni. Zanzibar wametunga sheria ya wazee mwaka 2020. Huku Bara tumeegemea mno Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, inayosema familia ndiyo mtunzaji mkuu na makazi ni hatua ya mwisho. Maneno mazuri, ila sera haimtozi mtu faini.

Na wanaosema nyumba mbovu zifungwe siku hiyo hiyo, wazee waliomo watalala wapi? Makazi ya Serikali kama Sukamahela, kwenu huko Manyoni, ni ya wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza. Faini imuume mmiliki, azuiwe kupokea wapya, na mlango ufungwe kila mzee akishapatiwa pa kwenda.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nenda bila taarifa. Nenda usiku, nenda Jumanne, nenda bila taarifa tena. Uliza zamu ya usiku ina watu wangapi na muuguzi ni nani. Mfunue mzazi wako mgongo na visigino kila unapofika, usione aibu, yeye alikuogesha. Usilipe ada ya miezi mingi kwa mkupuo. Ukiona kasoro, andika barua nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Mimi bila mhuri ule wangeniambia barua haikufika.