Mwembe Haukai Kwenye Jiwe Tupu

Swali: Shikamoo Mama. Marehemu baba alikodisha ekari mbili za shamba letu, upande wa Vipingo, kwa wachimba mawe ya kujengea. Wameondoka, wametuachia timbo: jiwe jeupe tupu, mchana huwezi kulitazama. Nilipanda miembe kumi, yote imekauka. Sasa nataka kununua udongo mwekundu, lori sita. Nifanye hivyo?
*Msomaji, Kilifi*

Jibu: Marahaba mwanangu. Hayo malori yasimamishe kwanza. Masika moja tu, udongo wote utakuwa tope kwenye kona ya timbo, na pesa zako humo humo.

Nenda Bamburi, karibu na Mombasa, ukajionee. Pale kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya chokaa mpaka karibu na maji ya chumvi, pakawa hapaoti hata nyasi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alijaribisha miti aina 26. Zilizosimama ni aina tatu: mvinje, damasi na mnazi. Mvinje ndio uliobeba kazi, kwa sababu mizizi yake hukaa na bakteria wanaoulisha naitrojeni kutoka hewani. Bakteria hao kwenye timbo hawapo, kwa hiyo omba ndoo ya udongo chini ya mvinje mzee, utie kiganja katika kila shimo utakalopanda mvinje. Mashimo yatoboe kwa mtaimbo, uchanganye udongo huo na kokoto zilizosagika.

Halafu majani. Mimi nilipoanza kitalu changu nilikuwa nafagia kila asubuhi, najiona msafi kweli. Nilikuwa nafagia mboji yangu! Majani ya mvinje ni makavu, yana ukakasi, hayaozi upesi. Bamburi yalirundikana vivyo hivyo mpaka wakaletwa majongoo, wale wenye miguu myekundu. Jongoo hula yale majani, kinyesi chake ndicho kikawa udongo. Najua wengi mnawachukia. Waokote msimu wa mvua, ukawaachie chini ya miti, na watoto uwakataze kuwaponda.

Mbuzi wa jirani wasikaribie miaka miwili ya mwanzo. Baadaye punguza mivinje kwa kuruka mmoja mmoja. Boriti utauza, na mwanga utashuka kwa miti ya kienyeji utakayoipanda katikati.

Miembe? Niandikie tena siku utakapochota udongo mweusi kwa mkono, bila jembe.