Maswali ya Wasomaji: Nebula ya Kisayari Juu ya Anga la Jiji

SWALI: Mhariri, nina darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 130 na kamera niliyoifunga nyuma yake. Nimeisaka Nebula ya Helix, wingu la gesi lililotupwa na nyota inayokufa (ndiyo maana ya nebula ya kisayari), nikiwa juu ya paa la nyumba, lakini picha zote hutoka na ukungu wa rangi ya chungwa tu. Je, kamera ni mbovu, au anga la Dar es Salaam halifai?
Msomaji, Kijitonyama

JIBU: Ndugu msomaji, usiilaumu kamera. Orodha za nyota huipa Helix mwangaza wa daraja la 7 hivi (kadiri nambari inavyokuwa kubwa ndivyo kitu kinavyofifia), nambari inayowadanganya wengi, kwa kuwa mwangaza huo umetandazwa kwenye eneo la anga linalokaribia nusu ya upana wa mwezi mpevu, na kila kipande chake humezwa na taa za jiji.

Anza na Nebula ya Zohali, yaani NGC 7009 kwenye orodha za anga, iliyomo katika kundinyota la Ndoo, kama Helix. William Herschel aliigundua mwaka 1782. Ni ndogo, lakini mwanga wake umekusanyika pamoja, na mwishoni mwa Septemba hupita karibu na utosi wetu mnamo saa tatu na nusu usiku, mahali ambapo hewa ya pwani huwa nyembamba kuliko upeoni.

Ukiitafuta kwa jicho, shika kichujio cha oksijeni, yaani kioo kinachopitisha hasa mwanga wa oksijeni, kati ya jicho na lenzi ya darubini, ukiingize na kukitoa: nyota zitafifia, nebula itabaki iking'aa, kwa sababu sehemu kubwa ya mwanga wake hutoka kwenye oksijeni iliyoioniwa (iliyopoteza elektroni), kwenye urefu wa wimbi unaokaribia nanomita 501. Kichujio hicho, kwa maoni yangu, kina faida kubwa kuliko kununua kamera mpya.

Kwa picha, kama darubini ina mota ya kufuatisha nyota, piga nyingi za sekunde 10 hadi 20, kisha uziunganishe kwa programu. Ukirefusha sana, kitovu kitaungua kikawa cheupe. Bila mota, anga husogea sekunde 15 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii) kwa kila sekunde moja, basi usizidishe nusu sekunde. Umande ukitanda kwenye lenzi, usiufute kwa kitambaa, bali uukaushe kwa hewa ya uvuguvugu.

Helix iache hadi utakapolala kwenye hifadhi ya Saadani, mbali na taa za jiji, usiku usio na mwezi.