Cheni Zikiwa Guniani Hazivuti Gari

Jumanne iliyopita nilikuwa ndani ya Nairobi National Park na wageni wawili, mvua imetoka kunyesha, nikamkuta mdogo wetu mmoja wa kazi hii ya kuendesha watalii amezamisha Land Cruiser hadi kwenye ekseli. Injini inalia, magurudumu yanazunguka, tope linaruka mpaka kwenye paa. Nikamwuliza cheni za kufunga kwenye magurudumu ziko wapi.

"Ziko nyuma, mkubwa."

Nyuma wapi? Chini ya kreti mbili za soda na hema, ndani ya gunia ambalo kamba yake haijawahi kufunguliwa tangu litoke dukani. Maghorofa ya mjini tunayaona kwa macho, na sisi tuko hapo na sepetu kama watu waliopotea Turkana. Nilimvuta, nikanyamaza kwa sababu ya wageni. Sasa hakuna wageni, kwa hiyo wadogo zangu mnisikilize.

1. Cheni hufungwa kabla ya tope. Ile blakikotoni, udongo mweusi unaonata, ikishameza tairi, mkono haupiti chini yake, na cheni hailaliki vizuri hata umlilie nani. Mzee aliyenifundisha kazi alianza kama tanboi, yaani utingo, kwenye malori ya wawindaji, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Enzi hizo wawindaji walikuwa wakigawiwa bloki, yaani maeneo ya kuwindia, na njia za kuingia huko hazikuwa barabara bali alama za magurudumu ya aliyetangulia. Mzee alikuwa akishuka, anakanyaga tope kwa kisigino, anainua mguu. Udongo ukibaki kwenye kiatu, gunia linafunguliwa hapo hapo. Hakuwa na kipimo kingine, na sikumwona akikosea. Nyingi ya njia zile bado zipo, ndizo mnazopitisha wageni wa kamera mkidhani ni njia za mkato.

2. Kutoa upepo na kufunga cheni ni dawa mbili tofauti, usizinywe pamoja. Bila cheni, shusha kutoka psi 35 hadi 20 hivi, tairi itatanuka na kushika. Lakini cheni hukazwa kwenye tairi lililojaa. Ukitoa upepo baadaye inalegea. Na cheni iliyolegea naijua mimi.

3. Funga, tembea mita hamsini, simama, kaza tena.

Hapa nivumilieni kidogo. Mwaka 1998, mvua za El Niño zilikuwa zimezifuta barabara nusu ya nchi. Nilipewa Land Rover ya zamani, ya breki za mfumo mmoja, nipeleke mume na mke vilima vya Loita kuangalia ndege. Cheni za gari lile zilikuwa zimepotea. Badala ya kumwambia tajiri, nikaenda Kirinyaga Road, nikanunua cheni kuukuu za lori kwa bei ya kutupa, fundi akazikata pete kadhaa. Bado zilikuwa ndefu. Mikia iliyobaki nikaifunga kwa waya wa kufungia nondo, nikajiona mhandisi.

Siku ya kurudi tulikuwa tunashuka kuelekea Narosura, imenyesha usiku kucha. Nilifunga cheni mbele, kwa sababu kwenye mteremko nilitaka usukani unitii. Hilo halikuwa kosa. Kosa ni kwamba sikusimama kuzikaza, maana wageni walikuwa na ndege ya usiku na bwana alikuwa akitazama saa kila dakika kumi. Baada ya muda nikaanza kusikia chini ya madigadi: tapu, tapu, tapu. Mnajua nilifanya nini? Nikapandisha sauti. Nikaanza kuwasimulia habari za simba wa Tsavo, kwa nguvu, ili ule mlio usisikike. Kila mlio ulipozidi, simba naye akazidi kunguruma. Yule mama akacheka, mimi nikazidi kunogewa, na kwa kuwa tope lilikuwa limepungua nikaingiza gia ya tatu.

Kona ikaja. Nikakanyaga breki, pedali ikazama kama nimekanyaga uji. Nikapampu: hakuna kitu. Mkia wa cheni ulikuwa umeichapa paipu ya breki mpaka ukaikata, mafuta yote yalikuwa yamebaki barabarani huko nyuma pamoja na simba wangu. Nikavuta handibreki. Handibreki ya gari lile haishiki magurudumu, inashika propela, ile shafti inayozungusha magurudumu, na haikutengenezwa kuvutwa gari likienda. Ulisikika mkwaruzo, kisha mshindo, halafu harufu. Nilichokuwa nimebakisha ni ukingo wa upande wa mlima, nikaukumbatia kwa ubavu wote wa gari.

Wageni walitoka salama, wakitetemeka. Mpishi alikuwa nyuma na chupa ya chai katikati ya magoti. Chupa ilivunjika. Kovu la pajani analo hadi leo, na hunionyesha kila tukikutana kwenye harusi, mbele za watu.

Tulilala hapo. Ndege iliondoka bila wale wageni. Nilipofika yadi nikamwambia tajiri kwamba jiwe ndilo lililokata paipu, naye akaamini. Mzee akaingia chini ya gari na tochi, akakaa sana. Alipotoka hakusema neno. Alinishika mkono, akaninyooshea kiganja, akaniwekea kipande cha waya wa nondo, akaenda kunawa. Nilirudi kwa tajiri kabla ya saa kumi, nikasema ukweli. Nilikatwa mshahara miezi mitatu, na wa nne nikamlipia mpishi hospitali.

4. Kamba ya kuvutia haifungwi kwenye ile kokwa ya chuma ya trela. Kokwa hiyo ikikatika huruka kama risasi, na imeua watu. Funga kwenye ndoano zilizoshikiliwa na chesisi, tandika blanketi zito juu ya kamba, na kila mtu asogee mbali. Mbali, nimesema, si kusimama pembeni na simu unapiga video.

5. Jeki bila ubao chini yake inazama kuliko gari.

6. Ukitoka kwenye tope, vua cheni. Nimemwona kijana ameingia nazo kwenye lami pale Narok, cheche zinaruka, anapungia watu mkono.

7. Ukikwama na wageni, waambie ukweli mapema na uwape chai. Mgeni aliyepewa sepetu kwa heshima huchimba kuliko wewe, halafu hukuachia bahashishi nzuri. Mjerumani mmoja aliniandikia baadaye kwamba ndiyo ilikuwa siku yake bora Kenya.

Jumamosi hii saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye yadi yetu Lang'ata. Njooni na buti za mpira na gunia zenu, zile ambazo hazijafunguliwa. Kila mtu atafunga na kuvua cheni za magurudumu manne akiwa ndani ya tope. Nimeshamwambia askari wa zamu afungulie mpira wa maji tangu Ijumaa usiku. Chai ataleta mpishi, na ataishika mwenyewe.