Kadi ya kibali cha kazi "imetumwa" ila haijafika

Pole sana mdogo wangu. Siku tano tangu hali ya ombi lako mtandaoni ibadilike na kusema kadi imetumwa, sanduku la barua bado tupu, na kazi inakungoja. Najua usingizi unavyokatika.

Ingia kwenye akaunti yako ya USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani), andika namba ya risiti (herufi tatu na tarakimu kumi), kisha soma maelezo mpaka chini. Mara nyingi namba ya kufuatilia ya posta ya Marekani, USPS, huwa humo. Inakili, uitafute kwenye tovuti ya posta. Jiunge pia na Informed Delivery, huduma ya bure inayokuonyesha picha za bahasha zinazokuja kwako.

Halafu nenda kaangalie sanduku lenyewe. Jina lako limeandikwa? Mimi nilikuwa nimepanga chumba, sandukuni kuna jina la mwenye nyumba tu, na kadi yangu ikarudishwa. Nilibandika karatasi yenye jina langu nikiwa nimeshachelewa.

Kama umehama, badilisha anwani USCIS na posta pia. Sheria inakupa siku 10 kutoa taarifa. Posta ikisema imefikishwa nawe huna kitu, uliza majirani, kisha tuma ombi la "kadi haijafika" kwenye tovuti ya USCIS.

Tafadhali usianze kazi kwa kubahatisha. Mwone mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwako leo, hasa kwa kuwa siku 90 unazoruhusiwa kukaa bila kazi kwenye OPT (ruhusa ya mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi ya fani yake) zinahesabiwa. Kadi ikirudi USCIS, huharibiwa baada ya siku 60 za kazi (wikendi na sikukuu hazihesabiwi) usipotoa anwani sahihi.