Uliza Shangazi: Tunataka kucheza densi barabarani, tutarudije nyumbani?

Safari hii nimepata barua nne kutoka Malindi na zote zinazunguka jambo moja, kwa hivyo nimeziweka pamoja. Majina nimeyaficha.

Shikamoo shangazi. Sisi ni wasichana tisa, wengine wa mtaa wa Barani, wengine Kisumu Ndogo na mmoja anatoka Muyeye. Kila Jumamosi tunafanya mazoezi ya densi ya kisasa kwenye darasa moja tumeazimwa, sasa tunataka kutoka nje tucheze pale Buntwani karibu na bahari watu watuone. Densi yetu ni ya msichana anayetoka stendi jioni kwenda kwao, vile anaitwa-itwa, anashikwa mkono, anafuatwa na pikipiki mpaka kwenye kichochoro. Hatujui kama tunahitaji ruhusa ama tunaenda tu. Na je wakianza kutufanyia hayo hayo tunayoyachezea? Mmoja wetu ashasema yeye hatokei kama hakuna mpango wa kutulinda. – Wasichana Tisa

Marahaba wanangu. Nianze na huyo mmoja aliyekataa, manake yeye ndo amewaambia la maana kuliko wote na naomba msimuone muoga. Densi yenu inasema mwanamke asiachwe peke yake njiani, sasa mkimwacha yeye mkaenda nane hiyo densi mnaichezea nini? Kaeni chini mumuulize ni kitu gani hasa anaogopa, ni wakati wa kucheza ama ni baada ya kucheza, mimi nadhani atawaambia ni baada. Kucheza ni dakika ishirini na mko pamoja. Watu wakishatawanyika, huyu kaenda Barani na yule wa Muyeye kabaki peke yake anatafuta boda na nguo za jasho, na kuna mwanamume alikuwa akimwangalia tangu mwanzo, hapo ndo pa kupangia.

Kwa hivyo pangeni kurudi kabla hamjapanga hatua ya kwanza. Nani anamfikisha nani, kwa tuktuk ya nani, nani anapiga simu kwa wote tisa usiku kuuliza mmefika. Yule wa Muyeye asiwe wa mwisho kushuka peke yake, wawili walale kwao siku hiyo kama wazazi watakubali. Mimi ningeliweka hilo hata ndani ya densi yenyewe, mwisho musiiname kupigiwa makofi, muondoke wawili wawili mmeshikana mikono mpaka mpotee machoni, watu wabaki wanaangalia mnavyopelekana.

Sasa ruhusa. Katiba yetu ya Kenya kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Sheria ya mikutano ya hadhara nayo inataka mwandalizi apeleke taarifa kituo cha polisi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla, aandike jina na anapoishi, mahali, siku na saa, na iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mtu anaweza kuwaambia ngoma si mkutano wa siasa kwa hivyo hamuhitaji, lakini mimi nawaambia andikeni tu, mpeleke nakala mbili polisi mrudi na moja imegongwa muhuri, na nakala ya tatu mpeleke ofisi ya kaunti inayosimamia pale mahali. Ile karatasi yenye muhuri iwe mkononi mwa mtu mzima ambaye hachezi. Askari akija kuuliza, densi isisimame, yeye ndo aende kuongea naye pembeni.

Saa nzuri ni baada ya alasiri, saa kumi na nusu hivi, jua limepungua na bado kweupe, mmalize mapema kabla ya magharibi. Nendeni siku mbili tatu kabla saa hiyo hiyo mkanyage sakafu kwa miguu mitupu, mazoezi ya darasani yanadanganya, lami na saruji zinachoma alafu zinachubua magoti. Na upepo wa bahari unameza muziki wa spika ndogo wote, msitegemee simu na spika. Kayamba mbili tatu, zile za matete za kutikisa, zinatosha, hazitaki stima na wamama wa Kigiriama wanaozijua hapo Malindi ni wengi, waombeni.

Mmoja akishikwa je? Nataka niwaelezee kitu kilichonitokea mimi nikiwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa stendi moja ya hapa Pwani, sitaitaja, kijana mmoja wa kuita abiria akanishika hapa kwenye kiwiko hataki kuachia anacheka na wenzake, mimi sauti imenikauka. Kulikuwa na wamama watano wanauza mahamri na viazi karai chini ya mwarobaini. Yule wa kwanza akasimama. Hakusema kitu, alisimama tu na upawa mkononi akanijia, wa pili akasimama, wa tatu, wakanizunguka wakiwa wamenipa migongo, nyuso zao kwake. Mkono ukaniachia. Mpaka leo naweza kuwaonyesha walivyosimama, nani kushoto nani kulia. Hiyo wanangu ni densi kamili, nami naomba muifanyie mazoezi mpaka iwe mwilini, mmoja akiinua mkono kwa namna mliyokubaliana wanane wote waache wanachofanya waje wamzunguke migongo ndani nyuso nje. Iwekeni ndani ya mchezo mara tatu ili hata ikitokea kweli watazamaji wasijue ni kweli, nyinyi mjue.

Na mambo ya kuegemeana, sijui mwalimu wenu anayaitaje, ile mtu unampa mwenzako uzito wako mpaka akisogea unaanguka, hayo yafanyeni mengi kuliko kurukaruka. Watazamaji wataelewa hapo hapo bila kuelezwa, kila mtu ashawahi kubebwa.

Ikitokea baya zaidi, siku hiyo au siku nyingine yoyote, simu 1195 ni ya bure na inapokewa usiku na mchana, ni ya ukatili wa kijinsia. Aliyebakwa asioge, nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi sio wa plastiki, afike hospitali haraka iwezekanavyo, dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72 na kila saa inayopita inahesabika. Kumshika mtu kwa nguvu sehemu zake za siri ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Na kumvua mtu nguo hadharani, kile walichomfanyia dada mmoja kwenye stendi Nairobi 2014 mpaka wanawake wakaandamana tarehe 17 Novemba wakisema nguo yangu ni hiari yangu, mwezi uliofuata kiliandikwa kwenye sheria ya jinai, kifungo kisichopungua miaka 10. Wale wanawake walitembea tu barabarani, wengine na miniskati, na sheria ikabadilika.

Shangazi asalaam aleykum. Mimi ni mama wa mmoja wa hao wasichana. Mimi sikatai mtoto kucheza, mimi mwenyewe nimecheza chakacha mpaka basi, lakini tulikuwa ndani, wanawake watupu, mlango umefungwa. Hii ya kwenda kujianika mbele ya wanaume wa ufukweni ati ni usalama, mimi naona ni kujitafutia balaa na ni aibu kwetu. Nimkataze? – Mama wa Shella, Malindi

Waaleykum salaam mamangu. Sitakubishia kwenye chakacha, umesema kweli, ile ni ngoma ya wanawake kwa wanawake na raha yake iko hapo, na mimi sitaki itolewe nje kuchezewa watalii. Lakini ngoma zetu si zote zilikuwa za ndani. Vugo unaikumbuka, harusi inapotoka wanawake wamebeba pembe za nyati wanazigonga kwa vijiti na wanaimba, walipita wapi kama si njiani? Mtaa mzima ulijua wanawake wanapita na wanaume walisogea ukutani.

Na hapo hapo mjini kwenu kuna sanamu ya Mekatilili wa Menza. Mjane wa Kigiriama, 1913 Waingereza wanataka vijana wakafanye kazi kwa nguvu na watu walipe kodi, yeye akatoka kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, na watu wakamfuata kwa mamia. Mwaka huo huo wakamkamata wakampeleka Kisii, na 1914 akatoroka akarudi kwa miguu. Alicheza mbele ya wanaume, na leo tunamwekea mashada.

Nikuambie pia jambo la Lamu ambalo nalifikiria sana. Zamani bibi wa nyumba kubwa hakutembea njiani wazi, alitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililoshikwa kwa miti na watumwa wake wanawake, yeye yuko katikati haonekani. Na nyumba zilikuwa na wikio, yale madaraja ya juu yanayounganisha ghorofa kwa ghorofa juu ya kichochoro, wanawake wakatembeleana bila kugusa barabara. Ulikuwa ni usalama, sikatai. Ila yule aliyeshika mti wa shiraa nani alimsitiri? Alikuwa nje juani, macho yote yanamwona, na hakuna aliyemuuliza. Usalama wa mmoja ulibebwa na mikono ya mwingine asiyekuwa nao. Mpaka leo mwenye gari hapiti stendi usiku, anayepita ni msichana anayefanya kazi kwake akitoka kuosha vyombo. Binti yako na wenzake wanataka barabara yenyewe iwe salama ili yule wa kuosha vyombo naye afike kwao, na hilo halifanyiki ukiwa ndani mlango umefungwa.

Kwa hivyo usimkataze, kaa naye muongee nguo. Densi yenyewe ni kutembea, kusimama, kuegemeana na kuzungukana, hakuna kiuno humo, wanaweza kuvaa suruali pana na kanzu na mtandio na isipungue kitu. Mahali pawe mbali na msikiti na isiwe saa ya swala. Na leso zitumike, waambie wanyooshe leso juu ya vichwa vyao kama shiraa ila kila baada ya muda aliyeko katikati atoke ashike pembe na aliyeshika pembe aingie. Alafu wewe nenda. Simama mbele kabisa na wamama wenzako watatu wanne, hakuna kijana atakayepiga mluzi mama mzima akimgeukia. Aibu unayoiogopa, kwa maoni yangu, ni ya yule anayemshika mtoto wa watu mkono, na kwa muda mrefu tumeibeba sisi.

Sasa shangazi, mimi naendesha tuktuk Maweni. Nimesikia hawa madada wanapanga hiyo kitu na mimi na wenzangu wawili tunataka kusaidia, tukasema tuwe bodigadi tuwazunguke. Ama tukae mbali? – Kijana wa Tuktuk

Asante kakangu kwa kuuliza kwanza. Msiwazunguke, mkiwazunguka watu watawaona nyinyi, na densi itakuwa inasema mwanamke yuko salama akiwa na wanaume watatu. Kaeni mwisho kabisa nyuma ya watu, tuktuk zimeelekea barabara na zina mafuta, mkimaliza muwapeleke mpaka mlangoni kwa bei ya kawaida au bure mkiweza, msiombe namba ya mtu. Kazi yenu kubwa iko siku zile nyingine. Mko stendi mnangoja zamu, msichana anapita na mwenzenu anaanza "we mrembo, we unaringa nini", hapo ndo useme wewe, sauti ya kawaida tu, "mwache mtoto wa watu aende". Najua ni ngumu kumwambia rafiki, unaogopa kuchekwa, lakini ukimwambia wewe inaingia kuliko nikiandika mimi mara mia.

Shangazi, nina miaka 52, nauza samaki wa kupaka na magoti yananiuma. Nimewaona wakifanya mazoezi dirishani na nimelia, sijui kwa nini. Naweza kuingia ama nitawaharibia? – Muuza Samaki

Ingia dadangu, ingia wiki hii. Kuna mama mmoja wa Senegal, Germaine Acogny, alizaliwa Benin 1944, wengi wanamwita mama wa densi ya kisasa ya Afrika, ana shule yake ya densi kijiji cha Toubab Dialaw kando ya bahari na alipofika miaka sabini alikuwa bado anapanda jukwaani peke yake. Magoti yako waambie mapema wasikulaze chini. Kusimama unajua, kumwangalia mtu mpaka ashushe macho unajua, na wale watoto wanahitaji mtu wa kuegemea ambaye hayumbi. Ukienda beba leso mbili, mmoja wao atakuwa amesahau yake.