Mahindi yalisafiri, chokaa ikabaki

SWALI: Nasikia watu wa Meksiko huchemsha mahindi kwa chokaa kabla ya kuyasaga. Ni kwa ajili ya ladha tu? Na anayeyala bila chokaa ana hatari gani? Nikitaka kujaribu, nifanyeje?

JIBU: Si ladha tu. Niasini (vitamini B3) iliyomo kwenye mahindi imejifunga, kwa hiyo mwili huambulia kidogo sana, chokaa huifungua. Wenyeji wa Meksiko walilijua pishi hili tangu kabla ya Wahispania kufika. Wageni walibeba mbegu, pishi wakaliacha. Waliolipia ni maskini walioshindia mahindi matupu. Mwaka 1735 tabibu Gaspar Casal aliueleza ugonjwa aliouona kaskazini mwa Hispania: ngozi inayopigwa na jua huwa nyeusi na kupasuka. Hufuata kuhara, kuchanganyikiwa, hata kifo. Hiyo ndiyo pelagra. Iliitesa Italia, kisha kusini mwa Marekani, ambako wengi waliidhani ya kuambukiza mpaka daktari Joseph Goldberger, aliyeanza kuichunguza mwaka 1914, akaonyesha kuwa chanzo ni lishe. Niasini ilitambuliwa kuwa tiba yake mwaka 1937. Inauma kufikiri kwamba kinga ilikuwepo jikoni muda wote huo.

Usiwe na hofu, lakini. Anayekula mahindi pamoja na maharage, karanga, samaki, nyama au maziwa hupata kinga humo.

Kwa kilo 1 ya mahindi makavu tumia maji lita 3 na gramu 10 za chokaa ya chakula iliyokwisha zimwa kwa maji (kalsiamu hidroksidi). Chokaa ya ujenzi usiiguse, huenda ina uchafu wenye sumu. Sufuria ya alumini pia haifai, kwani chokaa huila. Tumia ya chuma cha pua. Koroga chokaa kwenye maji baridi, tia mahindi, yachemke polepole dakika 30 hadi 45, kisha epua, funika na uyaache usiku kucha. Asubuhi sugua punje moja: ganda likitoka na kiini kikawa bado kigumu kidogo, yameiva. Suuza mara mbili tatu, ila usiondoe maganda yote, maana utomvu wake ndio unaoshikanisha donge la unga. Saga yakiwa na majimaji hivyo hivyo. Donge likinata mikononi, ulichemsha mno. Likipasuka kingo unapolifanya bapa kama chapati, ongeza maji kidogo kidogo. Uchungu kama wa sabuni ni chokaa iliyozidi au suuza haba.